Maji ya Mzee Dahir

Jumanne asubuhi, bomba la ploti moja ya Riruta likiwa kavu kwa siku ya tisa, Mzee Dahir aliingia langoni na mkokoteni wake wa punda, akaanza kushusha mitungi ya maji. Alikuwa na matundu mawili kifuani, moja karibu na kifungo cha shati. Wanawake walimsalimu, wakapanga foleni. Maji yake hayakuwa na chumvi, na hakumdai mtu kitu.

Ndambuki alimchungulia kupitia pazia, akamtambua. Alikuwa amerudi kutoka jeshini wiki tatu zilizopita, na tangu arudi alishinda chumbani, majirani wakimsalimu anaitikia kwa kikohozi.

"Baba Mutheu, si utoke umsaidie huyu mzee," mkewe Kaluki alisema. "Anasema mnajuana."

"Tunajuana. Nilimuua."

Kaluki alifunika mtungi wake. "Na bado unamwacha abebe peke yake?"

Ilikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, kule mpakani. Mkokoteni ulitokea, Ndambuki akashikwa na woga, akafyatua risasi kabla ya kusema simama. Mitungi ilipasuka, maji yakatiririka mpaka kwenye buti zake. Jioni alitia sahihi ripoti iliyosema mzee alibeba bomu. Aliporudi nyumbani, kanisa lao la Waithaka lilimfanyia ibada ya shukrani. Alivishwa shada la maua mbele ya watu wote, naye akatabasamu.

Alitoka nje, akapokea mtungi mmoja.

"Sikuja kugombana, afande," Dahir alisema. "Wanangu wanaitwa watoto wa gaidi. Mama yao akienda dukani hauziwi hata sukari. Nataka ile karatasi ibadilishwe, basi."

Walienda mjini siku hiyohiyo, kwa miguu, wakipita Jamhuri na kufuata barabara ya Ngong, punda mbele. Mlinzi wa jengo la ofisi za jeshi aliwaandika wote wawili kwenye kitabu cha wageni, akawaonyesha nguzo ya kumfungia punda. Ghorofa ya nne, karani aitwaye Janice alitafuta faili, akatazama picha, akamtazama mzee.

"Ni yeye," alisema. "Lakini marehemu hatoi ushahidi. Wewe ndiye unaweza. Andika hapa kwamba hukumwambia asimame, na kwamba hapakuwa na bomu."

Akampa kalamu. Ndambuki aliandika jina lake kamili, namba yake ya jeshi na tarehe. Mkono ukakwama hapo. Aliwaona watu wa kanisa wakisoma mstari unaofuata, mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukawaka moto. Dahir alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono magotini, akitazama ukuta ili asimharakishe.

"Nitakuja kumalizia," Ndambuki alisema.

"Hakuna shida." Janice aliitia karatasi kwenye droo iliyojaa karatasi nyingine, zote zikiwa na jina, namba na tarehe tu.

Walishuka ngazi. Nje, Dahir alimfungua punda, akampangusa vumbi machoni kwa ncha ya kikoi chake.

"Kesho niwaletee mitungi mingapi?" aliuliza.

Ndambuki alikuwa akitazama lami.

"Minne," alisema. "Kuna nguo za kufua."