Kadi ya Feni Tatu

Mjukuu wangu wa kike mimi humwita mke mwenzangu, ingawa mume wetu, yaani babu yake, alishatangulia zamani na kutuachia ugomvi bila mgombaniwa. Alipokwenda kusoma mbali aliniachia kompyuta yake ya gemu. Mzee mwenzangu hasa: ukiiwasha, inakohoa kwanza.

Kila Jumamosi asubuhi tulishindana magari, yeye huko, mimi huku kando ya cherehani yangu, tukisikilizana masikioni. Kwenye simu mtoto yule ana neno moja tu: "Niko poa, Bibi." Akishika usukani ndipo husema yote: nani kamkosea, nini kimemliza, lini kalala bila kula. Mimi huendesha polepole makusudi, mashindano yasiishe mapema.

Basi gemu ikabadilishwa kwa toleo jipya, zito. Gari langu likawa kama chura: linaruka, linatulia, linafikiri, linaruka tena.

"Bibi, kadi yako ya kuchora picha, iliyojengewa humo humo ndani ya kompyuta, imezeeka," akaniambia. "Usipoibadilisha hatutaweza kucheza. Na huyu ninayekaa naye chumbani ananiomba nicheze naye."

"Unaniletea uke wenza, mie na meno yangu manne?"

"Tafuta kadi, Bibi. Nakungoja mpaka Jumamosi."

Kesho yake nikaenda dukani kuulizia kadi. Muuzaji akanitandazia za pole, za hongera na za harusi. Nikamwambia harusi nilishaonja, inatosha. Akacheka, akanielekeza kwa fundi kompyuta, mlango wa tatu.

Huyo fundi watu humwita Profesa kwa sababu ya miwani. Miwani yenyewe ya urembo. Akanitolea kadi nyeusi, ndefu kama kiatu cha askari, ina feni tatu.

"Hii ndiyo baba lao, Bibi."

"Feni tatu za nini? Nina dirisha."

"Zinapoza kadi, hazikupozi wewe."

"Itaingia kwenye boksi la kompyuta yangu?"

"Boksi lako nilishalitengeneza mwaka juzi, nalijua. Mimi napima kwa macho."

Miaka arobaini na mbili nashona nguo, na wanaopima kwa macho ndio walionijazia kibanda wateja. Nikavua utepe wangu shingoni, nikailaza kadi juu ya meza: sentimita thelathini na moja. Nikafungua daftari langu la vipimo. Chini ya kiuno cha mwalimu mkuu nilikuwa nimeandika: nafasi ndani ya boksi, ishirini na nne.

"Profesa, bwana harusi huyu mrefu kuliko kitanda."

"Tutakata chuma kidogo kwa mbele."

"Kakate suruali yako. Na umeme je? Kile kisanduku cha umeme kilichomo ndani kimeandikwa wati mia tatu."

Akajikuna. Baba lao alitaka mia sita.

Nikachagua iliyokuwa imetupwa pembeni: kadi kuukuu, feni moja, sentimita kumi na saba, haihitaji hata waya wa ziada wa umeme.

"Hiyo ya watoto, Bibi."

"Mimi na watoto tunalingana meno."

Jumamosi Profesa akaja kuifunga, kwapani kashika suruali anayotaka nimpunguzie. Akafungua, akapachika, akachomeka, akafunga. Nikawasha.

Chura yule yule.

"Bibi, bado unaruka," sauti ya mjukuu ikaja masikioni, imepoa. "Basi tuache tu. Mwenzangu yuko hapa, anangoja."

"Nilikwambia uchukue baba lao," Profesa akasema, na furaha yake hakuificha.

Nikainama nyuma ya boksi, magoti yakilia kuliko kompyuta. Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa tundu la juu, lile la siku zote, la kadi ya zamani. Chini yake, matundu ya kadi ya feni moja yalikuwa matupu, yametukodolea macho. Nami nikajua. Uzi ukipita pasipo pake, cherehani huzunguka siku nzima na hushoni kitu.

"Profesa, umetunga uzi sindano nyingine, unashonea nyingine."

Akainama kutazama, miwani ikamdondoka. Waya nikauhamisha mwenyewe.

Barabara ikafunguka! Nikaona majani ya miti, nikaona vumbi, nikaona namba ya gari la mke mwenzangu, kisha sikuiona tena maana nilishampita.

"Bibi! Umenipita!"

"Mwambie huyo mwenzio akachemshe chai. Haya, wiki hii nani kakuliza?"

Akaanza kusema. Nikaondoa mguu kwenye mafuta.

Profesa bado alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bibi, na suruali yangu? Hujanipima."

"Iache hapo kitini, baba," nikamwambia bila kugeuka. "Nitapima kwa macho."