Koili Zilizovishwa Koti

Fundi alikuwa ameshabadilisha koili, zile zinazozalisha cheche za kuwasha, mara tatu, na mara zote tatu injini ya boti ilimwaibisha. Ikiwa baridi, inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Ikishakimbia dakika ishirini inakohoa, inazima na kununa. Ikipoa, inawaka tena, wala haina habari.

"Leo ndiyo mwisho, dada yangu," kaka yake, mwenye boti, alimwambia. Alikuwa amechoka kupiga makasia huku abiria wakimcheka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishafika, ameketi juu ya mizani yake mlangoni mwa karakana. Fundi alijifunzia kazi kwenye injini hiyo, na wazo la kuiona ikipondwa nyundo lilimuuma kweli.

Akaifunga kwenye pipa la maji, akaiwasha. Akachomoa plagi moja na kuiegemeza kwenye chuma, aione cheche. Mwanzoni ilikuwa ya buluu, ina nguvu. Dakika ya kumi na nane ikawa nyembamba, rangi ya chungwa. Akagusa koili.

"Mama yangu!" Akakitia kidole mdomoni.

Tayari alikuwa anamtungia matusi muuza vipuri, maana mara zote tatu alikwenda kumgombeza dukani kwamba anauza takataka. Lakini kilichomuunguza kilikuwa mpira. Kila alipofunga koili mpya alizizungushia tyubu ya baiskeli, tabaka mbili, zisirukiwe na maji, na alijisifu sana kwa ubunifu huo. Kumbe alikuwa akizivika koti zito jikoni! Joto lingepita wapi kutoka nje?

Akaukata mpira, akasubiri koili zipoe, akawasha. Dakika ishirini. Thelathini. Arobaini, na injini bado inanguruma. Akagusa koili tena: joto la kushikika tu.

"Ilikuwa nini?" kaka akauliza, macho yamemtoka.

Angeweza kusingizia duka, nani angejua? Mpira ulikuwa mfukoni. Lakini mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na leo ulikuwa umemgeukia yeye. Akautoa.

"Ni mimi, kaka. Nimeziivisha mwenyewe, mara tatu. Nikitoka hapa naenda kumwomba radhi yule wa vipuri."

Kaka akautazama mpira, akamtazama dada yake, akaangua kicheko mpaka akashikilia pipa. Kisha akamgeukia mnunuzi.

"Mzee, utanisamehe, injini siuzi. Ila kama unachukua mafundi, mpime huyu."

Mnunuzi akainuka, akaipangusa mizani kwa kofia yake, akasema karibu. Fundi akapanda, anacheka kuliko wote.