Mgongo kwa Mgongo

Seremala alikuwa na usonji. Kukumbatiwa kulimuumiza, kutazamwa usoni kulimchosha. Mkewe alilijua hilo. Kila jioni walikaa kwenye benchi aliloliunda mwenyewe, mgongo kwa mgongo, wakiegemeana kimya. Majirani, watu wasiokosa la kusema, walicheka: "Wamenuniana tena hao!"

Mke akafariki. Siku moja akaja dada mmoja, mtafiti wa usonji, mpole kupita kiasi. Akamkuta seremala kwenye benchi, akaketi mbele yake.

"Pole, baba. Na marehemu mlipendanaje?"

Seremala akageuka palepale kwenye benchi, akampa mgongo, akajiegemeza kidogo pale mkewe alipokuwa akikaa.

Mtafiti akafunga begi lake taratibu. "Samahani, baba. Naona hutaki kunijibu."

Akaondoka. Seremala hakugeuka. Bado alikuwa anamjibu.