Imtiaz na Pointi Zake za Hoteli

Imtiaz alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Chikongola, mjini Mtwara, na upande ule wote hakukuwa na mtu aliyejua habari za ndege kama yeye. Ukienda kununua koki, ulirudi na koki pamoja na habari: ndege gani imelazwa karakana, shirika gani limepunguza safari, njia gani mpya inanong'onwa. Mkulima aliyetoka Mpapura kufuata misumari alirudi kwao akijua rubani anakula nini angani. Imtiaz mwenyewe alisafiri kwa basi.

"Ndege ni za kufuatilia," alisema, "si za kutupia hela."

Yeye alikusanya pointi. Kila alipokwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, alilala kwenye hoteli moja iliyompa kadi, na kila alipolala pointi ziliongezeka. Dada yake alikuwa na nyumba Upanga, chumba cha wageni kimetandikwa, lakini Imtiaz hakukanyaga. Kwa dada hakuna pointi.

Wenye hoteli ile walikuwa na nyingine ufukweni Zanzibar, na Imtiaz alikuwa amemwahidi mkewe Samreen siku tano huko. Alitoa ahadi hiyo mtoto wao Burhanuddin akiwa darasa la nne. Sasa Burhanuddin yuko chuo kikuu, ana ndevu, na ahadi bado ilikuwa mbichi.

"Tutakwenda lini, Baba Burhani?" Samreen alimwuliza tena mwaka huu.

"Subiri kidogo. Naona dalili za ndege ya moja kwa moja kutoka hapa. Halafu pointi zikifika daraja la dhahabu, tunapewa chumba kikubwa."

"Kikubwa cha nini? Tuko wawili."

"Haraka haraka haina baraka, mke wangu."

Samreen naye alikuwa mfanyabiashara. Aliuza mtandaoni vitu vilivyokwisha kutumika: mikoba, vitanda vya watoto, viatu vya harusi vilivyovaliwa mara moja. Yeye alitafuta vitu na kuvipiga picha. Rafiki yake Mwaisha aliweka matangazo, akajibu wateja na kupokea malipo kwa namba yake. Imtiaz aliiita biashara hiyo "michezo yenu", akamwita Mwaisha "yule shoga yako wa Mikindani". Miaka yote hakuwahi kuuliza jina lake.

Basi, baada ya kusikia habari za daraja la dhahabu, Samreen alikaa na simu akafungua akaunti ya pointi za mumewe. Neno la siri alilijua, maana ndiye aliyelitunga siku mume aliposhindwa na vidude vya simu. Akazikuta pointi zimejaa, na chini yake maelezo kwamba mwenye kadi anaweza kumwekea chumba mtu mwingine yeyote. Akazitazama kama anavyoutazama mkoba uliokaa kabatini hadi ukaanza kubanduka ngozi. Akampigia Mwaisha.

"Weka tangazo. Siku tano Zanzibar, hoteli ya ufukweni, nusu bei."

Kesho yake Mwaisha alipiga, kicheko kimembana hata hawezi kusema.

"Shoga, mteja amepatikana. Anabembeleza bei kama ananunua mbuzi. Anataka chumba cha yeye na mke wake."

"Nipe jina nijaze."

"Imtiaz. Wa vifaa vya ujenzi, Chikongola."

Samreen aliketi juu ya katoni ya mikoba. Wazo la kwanza lilikuwa kufuta kila kitu. Kisha akamkumbuka Burhanuddin na begi lake la darasa la nne, mwaka ule ahadi ilipotolewa.

"Usimpunguzie tena," akasema. "Mwambie kuna mwingine anasubiri."

Jioni Imtiaz aliingia nyumbani na boksi la jalebi, uso unang'aa.

"Mama Burhani, funga mizigo! Kuna mjinga mmoja mtandaoni anauza siku tano kwa nusu bei. Hoteli ile ile! Na pointi zetu ziko pale pale, hazijaguswa!"

"Mjinga kweli," akasema Samreen, akajifunika uso kwa pindo la vazi lake la rida, mabega yakimtikisika. Imtiaz akadhani mkewe analia kwa furaha, na yeye machozi yakamlenga.

"Tiketi za ndege nitanunua mimi," Samreen akasema alipopata pumzi.

"Kwa hela gani?"

"Za michezo yetu."

Ndege ilichelewa kuondoka Mtwara, na Imtiaz akawaeleza abiria sababu zote zinazoweza kuchelewesha ndege, mpaka mama mmoja akamwomba anyamaze, alikuwa anaanza kuogopa. Ilipopaa, yeye ndiye aliyefumba macho na kuushika mkono wa mkewe. Samreen alitazama malori ya korosho bandarini yakizidi kuwa madogo mpaka yakawa kama punje.

Walipofika hotelini Zanzibar, binti wa mapokezi aliwapa maji ya madafu.

"Karibuni sana. Mzee Imtiaz, tunashukuru kwa kutumia pointi zako zote kwetu."

"Sijatumia pointi. Nimenunua, nimelipa."

Binti akamgeuzia kioo cha kompyuta. Imtiaz alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huu ni wizi! Aliyeniuzia anaitwa Mwaisha, jina lake ninalo kwenye simu!"

"Mwaisha ni nani?" binti akauliza.

"Ni yule shoga yangu wa Mikindani," akasema Samreen.

Chumbani Imtiaz hakuvua hata viatu.

"Umeniuzia pointi zangu mwenyewe!"

"Na ulivyobembeleza bei."

"Hela yangu iko wapi?"

"Umepanda nayo ndege leo asubuhi."

"Ungeniambia, Samreen."

"Nimekuambia tangu mtoto yuko shule ya msingi. Mkeo hukumsikia. Tangazo ulilijibu kabla chai haijapoa."

Alilala na hasira zake, ukingoni mwa kitanda kile kipana, akalala mpaka jua likapanda, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona.

Siku ya tatu, wakinywa chai, Imtiaz alitulia ghafla na simu yake. Wenye hoteli walitangaza kwamba mpango wa kadi unafungwa, na pointi zote ambazo hazijatumika zinakufa mwisho wa mwezi. Aliisoma habari hiyo mara mbili, kisha akainua kichwa.

"Tumeponea chupuchupu. Mimi nilikuwa nahisi, unajua. Mtu anayefuatilia habari hunusa mapema."

"Ulinusa lini?"

"Kitambo."

Akaanza kuwapigia simu wenzake wa Chikongola, mmoja baada ya mwingine, akiwaeleza alivyozitoa pointi zake kabla mlango haujafungwa. Samreen alimaliza kitumbua chake, akafuta vidole, akavua viatu na kushuka mchangani. Maji yalikuwa yamemfika magotini alipomsikia mumewe nyuma yake, suruali ameikunja, akiuliza kama ni ya baridi.