Sijambo, Afande

Mume wangu Kin hupona ghafla kila akiulizwa hali. Anaweza kuwa amelala sakafuni stoo, taulo limemfunika macho, ndoo iko kando ya kichwa, mtu akipita nje na kuita, "Kin, hujambo?" jibu linatoka humo gizani: "Sijambo kabisa, karibu!" Kisha nasikia ndoo ikifanya kazi yake.

Kwetu hapa Inarajan, kusini mwa Guam, kisiwa cha Marekani katika Pasifiki, mtu mwenye haya halalamiki mbele za watu. Kin ana haya ya kutosha kijiji kizima, na mimi sina hata ya kuazima. Ndiyo maana tumedumu.

Alirudi kutoka vitani Afghanistan na mikono miwili na miguu miwili, tukachinja nguruwe tukashukuru. Kumbe gari lililokuwa mbele ya lake lilipokanyaga bomu, kishindo kilimwachia kipandauso. Mwanga mkali ukimpiga, kichwa kinaanza. Moshi wa kuku wa kuchoma, kichwa. Na huyu ndiye aliyekuwa mchomaji wa kuku katika kila sikukuu ya mtakatifu somo wa kijiji! Siku hizi anachoma shemeji yangu, na tunakula makaa.

Serikali ya Marekani ilimpa asilimia thelathini ya ulemavu, na malipo yake, kwa kichwa hicho. Tuliomba ipande mpaka hamsini, kwa kipandauso hakuna juu ya hapo. Swali la wakubwa ni moja: kichwa kinakulaza kiasi cha kushindwa kazi, au unaumwa huku unatembea? Daktari wa kwanza alimuuliza, "Unaendeleaje, bwana Naputi?" Kin akajibu, "Vizuri sana, afande." Daktari akaandika alichosikia. Tukabaki na thelathini yetu.

Nisingeumia hivyo kama si kazi yake. Kin huendesha gari la mizigo uwanja wa ndege, juani, kati ya injini zinazovuma. Kila siku ya kazi nilimwona akiondoka na miwani myeusi, nami nikahesabu saa mpaka arudi mzima. Hamsini ingemwezesha kuacha. Nilitaka aache kabla hajaua mtu au hajajiua mwenyewe, basi.

Tulipopata nafasi ya kupimwa tena, nikasema safari hii tunafanya mazoezi. Nikamwita dada yake mkubwa, Lole, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Lole ndiye msomishaji rozari wa kijiji, kwa hiyo miwani ya kusomea, kama ya daktari, alikuwa nayo. Tulikaa jiko la nje, mimi na ndala zangu mkononi.

"Bwana Naputi," akaanza Lole kwa sauti ya puani, "hujambo?"

"Sijambo, Dada."

Nikamrushia ndala.

"Mimi si dada yako, ni daktari," akasema Lole. "Hujambo?"

"Sijambo, daktari."

Nikamrushia ya pili.

"We Tilde!" Lole akavua miwani. "Mtu akisalimiwa asiitikie? Huyu nimemlea mimi, ana adabu."

"Hiyo adabu yako ndiyo itakayomzika. Muulize kichwa!"

"Haya. Kichwa kinakusumbua?"

"Mara moja moja," akasema Kin.

"Mara moja moja!" nikafoka. "Jumanne ulikuwa wapi?"

"Stoo."

"Ijumaa?"

"Stoo."

"Unalala na magunia ya mchele kuliko unavyolala na mimi!"

"Magunia hayapigi kelele," akasema, na Lole akacheka mpaka machozi. Mazoezi yakaishia hapo. Jioni nikaingia stoo kutega mitego ya panya, kwa sababu taulo zangu zote zilikuwa na matobo pembeni, nami sikununua taulo za kulisha panya.

Siku ya kupimwa kichwa kilitulia kama kimepewa likizo. Kin alikuwa amenyoa, uso unang'aa, bwana harusi mtupu.

"Kishike kidogo basi tukiingia," nikamnong'oneza mlangoni.

"Tilde, sisemi uongo."

"Nani kasema useme? Nimesema ushike."

Hakushika.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka Marekani bara, pua imebabuka kwa jua letu. Aliniruhusu kukaa ndani mradi ninyamaze. Nikaahidi, na nikatimiza kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anayenijua angeamini.

"Hujambo, bwana Naputi?"

"Sijambo, afande."

Nikafumba macho.

"Maumivu ya kichwa yakoje?"

"Si mabaya sana. Wapo wenzangu walioumia zaidi. Wapo ambao hawakurudi."

"Yakikupata, unaweza kuendelea na shughuli?"

"Najitahidi, afande."

Kalamu ikaanza kutembea. Niliiona thelathini inarudi kukaa mezani kwetu, na Kin anapanda lile gari lake kesho, na keshokutwa. Moyo ukanipasuka, na mdomo nao ukafuata.

"Sajenti Naputi!"

Akashtuka, mgongo ukanyooka wenyewe. Sijawahi kumwita hivyo maishani.

"Una askari kwenye kikosi chako anaumwa kichwa," nikasema. "Daktari anataka ripoti yake. Utamwambia hajambo?"

Kin akanitazama. Nilidhani atanikemea mbele ya mgeni, na angekuwa na haki. Daktari naye angeweza kunitoa nje, lakini aliweka kalamu chini akasema taratibu, "Ningependa kuisikia ripoti hiyo."

Mume wangu akasimama. Akaweka mikono nyuma, macho ukutani.

"Askari Naputi, Joaquin," akasema, kwa jina lake la ubatizo. Hata sauti haikuwa ya nyumbani. "Kichwa kinampata mara mbili kwa wiki, wiki mbaya mara tatu. Jicho la kushoto linatangulia kupotea. Akiwahi, anaegesha gari. Mwezi uliopita hakuwahi, akagonga ngazi ya ndege. Hapakuwa na mtu juu yake."

Mimi hiyo ngazi sikuwahi kuisikia.

"Baada ya hapo anatapika. Analala kwenye saruji ya stoo, ile baridi inasaidia. Nyumba ikiungua hawezi kuinuka. Anakaa humo nusu siku, na kesho yake hajui hata siku ya wiki."

"Mke wake anayajua haya?" akauliza daktari.

"Anajua anayoyaona. Hajui kwamba askari huyu huuma taulo asisikike. Siku ya ubatizo wa mjukuu wake alikuwa stoo, akamsikia mtoto analia sebuleni. Akamwomba Mungu wamtoe nje yule mtoto. Damu yake mwenyewe, afande. Maoni yangu, askari huyu hafai kazi ile. Angekuwa wangu, ningemrudisha nyumbani zamani. Ni hayo tu."

Akaketi na kuwa Kin tena, masikio yamemwiva kwa aibu. Mimi nililia bila haya yoyote. Daktari aliandika kwa muda mrefu.

Gari letu lilipofika darajani nilimgeukia.

"Kwa hiyo panya hakuna," nikasema.

"Hakuna."

"Na mitego yote ile?"

Akanionyesha kidole cha kati, kucha imekuwa nyeusi. "Mmoja ulininasa."

"Mbona hukuniambia, wewe mwanamume!"

"Uliniuliza hujambo," akasema. "Nikakwambia sijambo."

Nilicheka na kumpiga bega, kisha nikalia tena, na yeye akaendesha polepole.

Hamsini ilikuja kabla ya sikukuu ya kijiji. Kin alirudisha miwani yao myeusi na koti la uwanja wa ndege siku hiyohiyo. Hatukuchinja nguruwe. Tulishachinja mmoja mapema, tukaona tusijaribu bahati.

Kichwa hakikuacha kuja, asilimia si dawa. Jumapili iliyofuata Lole alileta sinia la wali mwekundu, akapita kwenye mlango wa stoo na kuita kama kawaida, "Kin, hujambo?"

Nikasikia taulo likitemwa.

"Naumwa, Dada," ikatoka sauti. "Naumwa sana."

Lole akanigeukia, sinia mkononi, sura ya mtu aliyeitikiwa sala ambayo hajawahi kuisoma. Nilidhani atamkumbusha adabu. Akanipa sinia, akavua viatu, akaingia gizani na kuketi kwenye saruji kando ya ndoo, na miaka yake yote ile ya magoti mabovu.

"Pole, mdogo wangu," akasema.

Nilisimama mlangoni nikisubiri Kin aseme ameshapoa. Hakusema.