Donat Ndani ya Filamu ya Vitshumbi

Kasoki hakuwa mtu wa kuamini filamu. Alizipenda, hasa zile za zamani ambazo rangi zake zimefifia na watu wake huzungumza polepole, lakini alizitazama kama mteja anayemtazama mchuuzi akipima unga. Maiti akipumua, alimwona. Mjane akilia bila machozi, alimhesabia. Hakuna mwigizaji aliyewahi kumpita.

Kila Jumapili baada ya misa alivua viatu, akachomeka flashi kwenye televisheni, akakaa. Flashi hiyo aliijaza Onésime, mwenye kibanda cha filamu na nyimbo pale Ndosho, mtaa wao wa Goma. Kasoki hakuchagua. Alimwambia tu, "Nipe za zamani, zile watoto hawazitaki," na Onésime alimpa mchanganyiko wowote.

Mumewe, Donat, hakutazama kamwe. Alikuwa fundi seremala, mtu wa miaka sitini na moja, mpole, na wakati wa filamu alikaa nje kwenye ngazi ya mawe meusi, redio sikioni. Kasoki alimtolea maoni yake kupitia dirisha, akimwita kwa jina la binti yao.

"Papa Héritière! Huyu docteur ni muongo. Mutu anaingia kwa watu, hasalimie hata mutoto, anaenda moja kwa moja kwenye kabati?"

"Mm," alijibu Donat.

"Na huyu bibi-arusi naye. Angalia vile anaangalia mulango. Anangojea mutu mwingine."

"Mm."

Hivyo ndivyo walivyoishi Jumapili zao kwa miaka.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi filamu iliyokuja ilikuwa ya Wazungu, iliyopigwa Vitshumbi, kwenye ziwa Edouard, wakati nchi bado inaitwa Zaire. Mzungu mmoja mwenye kofia alikuwa amempenda binti wa mvuvi. Kasoki alianza kazi yake mara moja.

"Binti wa muvuvi na kucha safi hivi? Huyu hajawahi kupasua samaki hata moja!"

Nje, Donat hakusema hata "mm". Kasoki hakulitilia maanani. Kwenye kioo palikuwa na soko la samaki, makorongo wakubwa wakitembea katikati ya watu, wanaume wakivuta mitumbwi yao, pirogi, nchi kavu. Mmoja wao aliinua kichwa, akacheka huku ameinamisha shingo upande wa kushoto.

Kasoki alisimamisha filamu. Akarudisha nyuma. Kicheko kile alikuwa amelala nacho chumba kimoja kwa miaka ishirini na minane.

Alikuwa Donat. Kijana, mwembamba, kifua wazi, lakini Donat. Na pembeni yake mwanamke mwenye kitenge cha njano alikuwa anampa kikombe, naye Donat akakipokea huku mkono wake mwingine umepumzika kiunoni mwa yule mwanamke, kama mkono uliozoea.

Alizima televisheni, akatoka nje.

"Papa Héritière, weye ulishafika Vitshumbi?"

Donat hakuondoa redio sikioni. "Vitshumbi? Hapana. Ningeenda kufanya nini kule?"

"Hata siku moja?"

"Nimesema hapana, mama."

Alisema kwa upole. Upole huo ndio uliomtia Kasoki baridi mwilini. Kama angekasirika, kama angeuliza kwa nini anaulizwa, ingekuwa nafuu. Lakini alijibu kama mtu ambaye jibu lake limekaa tayari mdomoni kwa miaka mingi, akingojea swali.

Wiki ile Kasoki, ambaye kazi yake ilikuwa kushona nguo, hakushona vizuri. Saa za asubuhi, Donat akiwa kwenye karakana yake, aliiwasha filamu bila sauti. Alimkuta mumewe mara nne. Mara akivuta nyavu, mara akiwa kwenye kundi la watu wanaopiga makofi, mara amekaa juu ya pirogi iliyopinduliwa pamoja na kijana mwingine, na ile ya kikombe. Mwanamke wa njano alimkuta mara mbili. Alikuwa mzuri. Kasoki alitafuta kasoro usoni mwake, hakuipata, na hilo lilimuudhi zaidi.

Kisha akaanza kumpekua Donat kama anavyopekua filamu. Kwa nini mtu wa Butembo, aliyekulia nyumba ambamo samaki wa chumvi hawakukosekana, hali samaki wa ziwani? Alikuwa amesema ni harufu. Kwa nini hajawahi kuhadithia miaka yake kabla ya kufika Goma? Alikuwa amesema ni kazi tu, kazi na umaskini. Kwa nini kila safari ya kwenda Butembo, zamani barabara ilipokuwa inapitika, aligeuza uso mahali fulani karibu na ziwa na kusema analala? Usiku alimsikiliza akipumua na kujiuliza kama kule ziwani kuna mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, mwanaume mwenye ndevu au mwanamke mwenye mimba, anayecheka akiinamisha shingo kushoto.

Siku ya tano alipiga picha ya kioo kwa simu yake, akaelekea soko la Virunga, kwa Masika. Masika alikuwa dada mkubwa wa Donat, mwanamke mnene mwenye sauti ya amri, aliyeuza maharage tangu alipohamia mjini. Kasoki alimpata amekaa katikati ya magunia.

"Wifi, sikuje kukununulia," alisema. "Nimekuja kukuuliza kitu, na unijibu kweli. Donat alikuwa na bibi mwingine mbele ya kunioa?"

"Bibi? Donat?" Masika alicheka. "Nani amekudanganya?"

Kasoki akamwonyesha simu, akamweleza kwamba ni filamu ya zamani iliyopigwa Vitshumbi. Alikuwa ameichagua ile picha ya juu ya pirogi, kwa sababu ndiyo iliyomwonyesha Donat karibu zaidi, na kwa nyuma kitenge cha njano kilionekana. Aliweka kidole juu ya yule mwanamke. "Huyu. Unamujua?"

Masika hakumtazama mwanamke. Alichukua simu, akaisogeza machoni, akaiondoa, akaisogeza tena.

"Benny," alisema.

"Benny nani?"

"Huyu mwenye anakaa na Donat. Ni Benny. Ni mudogo wetu."

Kasoki alimjua Benny kwa jina tu. Alikuwa mdogo wao, mtoto wa tatu, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka ishirini, kabla Kasoki hajaolewa. Picha yake haikuwepo nyumbani kwa mtu yeyote. Kwa siku tano alikuwa amekitazama kile kipaji cha uso, kile kile cha Masika, na hakukiona, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kitenge.

"Benny alikufia Kasindi, kwenye hopitali," alisema Masika polepole. "Ni Donat mwenye alituambia. Alisema ni ugonjwa wa kuambukiza, wakamuzika palepale. Mama aliomba kaburi mpaka anakufa." Aliinua macho. "Sasa Vitshumbi walikuwa wanafanya nini?"

Masika alifunika maharage yake kwa turubai, na wakachukua pikipiki moja, wawili nyuma ya dereva, hadi Ndosho.

Donat alikuwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, anapiga randa ubao wa kitanda. Alipowaona pamoja alisimama. Masika hakumsalimia. Alimwekea simu juu ya ubao.

Donat aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akakaa chini, kwenye vumbi la mbao.

"Nani amewapa hii?"

"Donat," alisema Masika, "Benny alikufa na nini?"

"Na maji."

Alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Walikuwa wamekwenda Vitshumbi kutafuta kazi, wakakuta Wazungu wa filamu. Waliwekwa kwenye kundi la wavuvi, ingawa hawakujua uvuvi. Siku moja upepo ulivuma, na mkubwa wa Wazungu akafurahi, akataka pirogi iingie kwenye mawimbi. Wavuvi wenyewe walikataa.

"Mimi nilikubali," alisema Donat. "Nilitaka anione kama mwanaume. Nikapanda. Kisha mukubwa akasema hapana, anataka ule mwembamba zaidi. Benny aliogopa. Aliniangalia. Nikamuambia: nenda, ni mara moja tu, ni ya filme. Pirogi ikapinduka. Tulimupata siku ya tatu."

Masika hakulia. Alisimama tu, mikono imeshika mkanda wa nguo yake. "Na mama ukamuambia homa."

"Homa haina mutu mwenye kosa, yaya," alimjibu dada yake.

Kasoki alijua hapo palikuwa mahali pa kunyamaza, lakini swali lilimtoka. "Na huyu mwanamuke?"

"Mwanamuke gani?"

"Huyu wa njano. Mwenye ulishika kiuno mule kwenye filme."

Donat aliitazama picha kana kwamba anamwona mara ya kwanza. "Walituweka tu. Wakasema simama hapa, shika hapa. Hata jina simujue."

Kasoki alimchunguza usoni. Aliamini karibu yote.

Kisha Donat akauliza, kwa sauti ndogo, "Iko ndani? Ile ya upepo?"

Kasoki hakuwa amefika mwisho wa filamu. Macho yake hayakuvuka yule mwanamke. Waliingia ndani wote watatu, saa nane ya mchana, na kwa mara ya kwanza Donat akakaa mbele ya televisheni ile. Benny alipotokea, Masika aliweka kiganja kwenye kioo. Mzungu mwenye kofia alimuaga binti wa mvuvi, binti akasimama ufukweni, ziwa limetulia kabisa, jua linaangaza. Majina yakaanza kupanda.

"Haiko," alisema Donat. "Hawakuiweka ile ya upepo."

Alirudia neno hilo mara mbili, kisha akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho Kasoki hakuwahi kukisikia kwake hata walipomzika mama yao. Alimshika bega. Masika alibaki amesimama.

"Kaburi iko wapi?" aliuliza Masika mwishowe.

"Nyuma ya kanisa ya kule. Niliweka mawe."

"Nichoree."

Njia ya Vitshumbi haikuwa ya kupita mwaka ule kwa sababu ya vita, kila mtu alilijua hilo. Lakini Donat alichukua kipande cha karatasi na penseli yake ya useremala, akachora kanisa, njia ya kwenda ziwani, mti, mawe. Masika aliikunja karatasi, akaiweka ndani ya blauzi yake, akaondoka bila kumuaga ndugu yake.

Jumapili iliyofuata padri alisoma nia za misa, na miongoni mwake alimtaja Benny Kasereka, aliyekufa maji. Masika ndiye aliyeipeleka nia hiyo. Alikuwa amekaa benchi la mbele, peke yake. Wakati wa kupeana amani alitoka kwenye nafasi yake, akarudi hadi benchi la saba, akampa Donat mkono. Hakutabasamu, na hakuuacha upesi.