Karatasi ya Mwisho ya Mama Rula

Mtaa mzima ulimwita Mama Rula, kwa sababu alichora mistari iliyonyooka bila kushika rula. Mumewe aliitwa Mzee Rangi, na hilo halihitaji maelezo. Kazi yao ilikuwa kunakili kwa mkono michoro ya zamani ya majengo, ile ambayo wasanifu wa enzi hizo waliichora kwa wino na kuipaka rangi za maji, jumba zima likikutazama usoni pamoja na nguzo zake, matao yake na kivuli cha kila dirisha. Mke alichora, mume akapaka rangi. Ukiwauliza fundi mkuu ni nani, ulikuwa unaondoka na vicheko bila jibu. "Mimi najenga," Mama Rula alikuwa akisema, "huyu ananipakia chokaa."

Sasa Mama Rula alikuwa kaburini, na katika chumba cha kazi ilibaki karatasi moja aliyoichora akiwa mgonjwa. Ilikuwa sura ya mbele ya ukumbi wa muziki wa kale, wenye kuba kubwa katikati. Mteja alishaambiwa atafute fundi mwingine, kwa hiyo karatasi ilikuwa yao wenyewe. Ilikaa kwenye ubao wake, mistari mitupu, haijaguswa na rangi.

Mzee Rangi alishindwa kuitazama. Tuseme ukweli, aliionea haya. Mistari ilitetemeka kuanzia paani hadi kwenye ngazi, na yeye hakutaka mtu aingie pale na kusema kumbe Mama Rula naye aliishia hivi. Siku zake za mwisho mkewe alimwambia, "Hiyo iache hivyo hivyo, usiipake." Mzee akachukulia kuwa ni haya za mgonjwa. Akajiambia kwamba rangi ikishapita na vivuli vikakaa mahali pake, hakuna jicho litakaloona mtetemo. Angemsitiri mke wake, na hiyo ndiyo ingekuwa kazi yao ya mwisho pamoja.

Binti yao, muuguzi, alikuwa amerudi nyumbani tangu mama alipougua, na baada ya mazishi akabaki ili baba asikae peke yake. Alimkuta anakoroga rangi.

"Baba, si Mama alisema iachwe?"

"Mama yako alikuwa mgonjwa."

"Ndiyo, lakini alisema."

"Wewe kadunge watu sindano. Rangi niachie mimi."

Binti akaenda zake kufua. Kubishana na mzee yule kuhusu rangi kulikuwa kujichosha bure, na yeye alishachoka.

Rangi ya kwanza huwa nyepesi, ya mchanga, na hufunika karatasi nzima. Unainamisha ubao, unaanza juu, unashuka nayo kwa mkupuo mmoja mpaka chini, na macho hayabanduki kwenye ukingo wa maji. Ukisimama katikati, ukingo unakauka na kuacha kovu lisilotoka. Mzee Rangi alifanya hivyo maisha yake yote bila wasiwasi, kwa kuwa wino wa mkewe ulikuwa wa kusaga. Mama Rula aliusaga mwenyewe kwenye jiwe, kutoka kijiti kigumu cha wino mkavu, na ukishakauka hata uumwagie ndoo ya maji hautikisiki.

Anga ilipita vizuri. Alipofika kwenye kuba, ukingo wa maji ukaingia kijivu. Akailaani brashi, akidhani hakuiosha sawasawa. Angesimama hapo, jumba karibu zima lingepona. Lakini mkono wake haukujua kusimama. Uliogopa kovu, ukaendelea kushuka, kulia na kushoto, na kijivu kikazidi kukolea, na yeye akazidi kujidanganya kuhusu brashi. Alipomaliza ngazi ya mwisho ndipo akainua macho.

Kuba haikuwepo. Nguzo zilikuwa zimeyeyuka zikaingiana, na matao yamegeuka madoa ya kijivu chafu. Akanyakua kitambaa akagandamiza mahali palipokuwa na madirisha, kitambaa kikaondoka nayo. Akapiga ukelele ambao hata yeye hakuutambua.

Binti akaja mbio, mikono imejaa povu.

"Ni wino gani huu?" mzee akauliza. "Ni wino gani mama yako alichorea?"

"Wa kalamu za shule, Baba. Alinituma dukani. Kusaga kulimshinda, vidole vilikuwa havina nguvu tena."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Mimi ningejuaje kama kuna wino na wino? Yeye ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema utaanza kumlilia kabla hajafa."

Mzee Rangi akakaa sakafuni, pale pale penye maji. Alikuwa ameshamzika mkewe mara moja, na siku ile walikuwepo majirani wa kumshika mkono. Hii ya leo aliifanya mwenyewe, kwa brashi yake nzuri kuliko zote.

"Nilitaka kumsitiri," akasema. "Mistari ilikuwa inatetemeka."

"Mimi nilikuwa naipenda inavyotetemeka," binti akasema, na machozi yakamtoka. "Ndipo nilipokuwa namwona."

Picha hawakuwa nayo. Nani apige picha ya nakala? Mchoro wa kale ulikuwepo kwenye jumba la makumbusho, mzima, umenyooka, na haukuwa na faida yoyote kwao.

"Mstari wa kuba unaukumbuka?" mzee akauliza. "Ule mtetemo mkubwa, ulianzia kulia, pale juu ya dirisha."

Binti akafumba macho.

"Kushoto, Baba."

"Kulia. Nimeutazama mimi."

"Si ulikuwa huutazami? Kushoto, karibu na kilele."

Kila mmoja alikuwa na hakika yake, na wa kuwaamua hakuwepo.